Testa ya taa za trela ya pini saba: inafaa, lakini balbu kuukuu inaishinda

Jibu la haraka kwa mwenye haraka ya kujua kama kifaa hiki cha kupima umeme wa taa za trela kinafaa: nunua, ila usikitegemee peke yake. Sababu ni ndefu kidogo.

Kazi yangu ni kukodisha mahema na viti hapa Nairobi. Harusi, ruracio (sherehe za mahari), matanga, mikutano ya kanisa. Mzigo hubebwa na pikapu, na nyuma yake trela ya ekseli moja iliyochomelewa na mafundi wa jua kali. Ina nambari yake ya usajili inayoanza na herufi Z kama trela nyingine za Kenya, na ikishafungwa na kupakiwa mahema, taa za pikapu hazionekani tena. Anayekufuata Mombasa Road usiku, katikati ya malori, anategemea taa za trela tu. Zisipowaka, kwake wewe ni giza.

Mvua za masika zilipokolea, taa zikaanza vituko. Dereva akikanyaga breki mchana, taa ndogo za nyuma na hata indiketa zinawaka kwa mwanga hafifu, kama mtu kazichanganya. Usiku ndiyo mbaya zaidi: taa ndogo zinawaka vizuri, lakini breki ikikanyagwa zote zinafifia badala ya kuongeza mwanga. Mara gari likipita kwenye tuta zinapona zenyewe. Tulibadilisha balbu, hakuna kilichobadilika.

Ndipo nikanunua hii testa Kirinyaga Road, ambako wengi bado tunaita Grogan. Nililipa chini ya Sh1,500. Ni plagi ndogo inayojaa kiganjani, mgongoni ina vitaa vya LED, kila kimoja kimeandikwa kazi ya pini yake. Unaichomeka kwenye soketi ya gari, unawasha indiketa, taa, unakanyaga breki, na kila pini yenye umeme inajionyesha. Ukiwa peke yako, kipande cha mbao kati ya kiti na pedali ya breki kinatosha kuwa msaidizi.

Kwa upande wa gari, sina lawama. Magari yetu mengi huja yakiwa yametumika Japani, bila soketi ya trela. Soketi hufungwa hapa, na kila fundi ana rangi zake za waya. Mpangilio wa kimataifa wa soketi za volti 12, ISO 1724, unasema hivi: pini 1 njano ni indiketa ya kushoto, 2 bluu ni taa ya ukungu, 3 nyeupe ni athi (njia ya umeme kurudi kwenye betri), 4 kijani ni indiketa ya kulia, 5 kahawia ni taa ndogo ya kulia, 6 nyekundu ni breki, 7 nyeusi ni taa ndogo ya kushoto. Kwangu waya wa kijani ulikuwa umepewa breki, na pini 5 haikuwa na kitu kabisa. Aliyefunga alitoa umeme wa pini 7 pekee, halafu kule kwenye trela akaunganisha taa ndogo zote mbili kwa huo huo. Inawaka, lakini waya mmoja ukikatika pande zote mbili zinazimika. Testa ilifichua hayo ya soketi kabla chai haijapoa. Kwa kufungua waya mmoja mmoja ingekuwa kazi ya asubuhi nzima.

Tukarekebisha soketi, vitaa vyote vikawaka barabara. Tukachomeka trela. Vituko vile vile.

Hapa ndipo udhaifu wa kifaa hiki ulipo, na pakiti haisemi neno juu yake. Nilipeleka trela kwa fundi wa waya mmoja Industrial Area, mzee wa makamo, mikono myeusi kwa grisi. Akaitazama testa, akaigeuza, akanirudishia.

"Mama, hiyo inaonja tu umeme. Hii yangu inakula."

Yake ilikuwa balbu ya indiketa ya wati 21 iliyounganishwa kwa solda na nyaya mbili ndefu, ncha zake zina vibano. Hesabu yake ni rahisi. Balbu ya wati 21 kwa volti 12 inavuta amperi 1.75. Breki mbili ni amperi 3.5, na zote hurudi kwenye betri kupitia athi moja, pini 3. Kitaa cha LED kinahitaji sehemu ndogo mno ya hiyo. Tuseme kutu imeongeza ukinzani wa omu moja tu kwenye njia ya athi: LED haitahisi chochote, lakini balbu za breki zitapoteza karibu volti tatu. Kwa hiyo uzi mmoja wa shaba uliobaki kwenye waya uliooza unatosha kuiambia testa kwamba mambo ni shwari. Na kumbuka testa yangu inasoma soketi ya gari. Nyaya za trela haizifikii kamwe.

Fundi akamwambia dereva akanyage breki, akabana ncha moja ya balbu kwenye waya wa breki wa trela na nyingine kwenye hasi ya betri ya pikapu. Balbu ikang'aa. Akaiondoa kwenye betri, akaigusisha fremu ya trela. Ikawa nyekundu ya kufifia. Hakusema kitu, aliinama tu chini ya trela na brashi ya waya.

Waya mweupe ulikuwa umefungwa kwa bolti juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Chini ya bolti kutu, na ndani ya plagi pini 3 ina kutu ya kijani. Trela ilikuwa ikipata athi yake kupitia kile kichwa cha mviringo cha pikapu kinachoivuta, chuma kugusa chuma, na kichwa hicho hupakwa grisi. Ndiyo maana tuta lilikuwa linaponya taa. Na ule mwanga wa ajabu kwenye indiketa ulikuwa umeme wa breki uliokosa njia ya kurudi, ukajipenyeza kupitia balbu nyingine hadi upande wa gari.

Alikwangua mpaka chuma kikang'aa, akaweka kichwa kipya cha waya na bolti mpya, akapaka vaselini juu kuzuia maji. Kisha akafanya jambo ambalo nimelipenda kuliko yote: akapitisha waya mweupe hadi kwenye kila taa, ili zisiitegemee fremu tena. Viungo vilivyosokotwa na kufungwa tepu akavikata, akavitia solda na kuvivika mpira unaonywea kwa joto. Tepu, alisema, hukusanya maji ikisha kulegea. Malipo kwa M-Pesa, hayakuwa makubwa, na taa zimetulia hata barabara ikiwa tope tupu.

Hapo kwa fundi kulikuwa na pikapu nyingine ambayo fyuzi ya taa ndogo ilikuwa inaungua kila trela inapochomekwa, na mwenyewe alitaka kuivika karatasi ya sigara. Fundi alikataa katakata. Fyuzi ikiungua namna hiyo, mara nyingi kuna waya uliochubuka pale unapopita kwenye tundu la fremu. Ukiziba fyuzi kwa karatasi, kitakachoungua ni nyaya zote za gari.

Kasoro ndogo za testa: juani vitaa havionekani mpaka uvifunike kwa mkono, na maandishi ni ya stika ambayo tayari inachakaa, basi nimeandika upya kwa kalamu ya wino mzito. Ni ya volti 12 pekee. Malori mengi ni volti 24, usiiazimishe.

Wengine wataniuliza mbona nisinunue multimita, kile kipimo cha volti, zimejaa Luthuli Avenue. Nunua ukiweza kuitumia, lakini ujue nayo ina ugonjwa huo huo: ukipima pini yenye umeme bila balbu yoyote kuuvuta, itakuonyesha volti 12 nzuri kwenye waya uliooza. Pima taa zikiwa zinawaka, kutoka fremu ya trela hadi hasi ya betri. Athi nzima itasoma karibu na sifuri. Ikisoma volti moja na zaidi, tafuta brashi.

Naipa testa nyota tatu kati ya tano. Ingepata nne kama stika ingekuwa ya maana, na tano kama watengenezaji wangeweka balbu moja ya wati 21 ndani yake. Kwa sasa dereva wangu huichomeka kwanza, kisha hubana balbu kuukuu kama ya fundi kati ya pini 6 na 3 breki ikiwa imekanyagwa, ndipo mahema yanapakiwa.