Tahadhari Malindi: kijana anayeuza vifaranga na mbegu mitaani kabla ya masika

Assalaam aleikum majirani, na hamjambo nyote mnaofuga na kupanda mboga nyuma ya nyumba.

Kuna kijana mpole, nyama ya ulimi tele, anayepita Maweni, Barani na Kisumu Ndogo, na nasikia ameshafika hadi Mambrui. Anauza anachokiita kifurushi cha bustani: vifaranga hamsini wa siku moja, "kienyeji walioboreshwa, matetea matupu", pamoja na pakiti za mbegu za nyanya, kabichi, hoho na vitunguu. Bei ni shilingi 4,500, nusu arubuni kwa M-Pesa, nusu ukipokea boksi. Simtaji jina kwa sababu hilo analojiita silo. Waliomtumia pesa wanasema jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke, na kila mteja alipewa nambari tofauti.

Walioliwa arubuni na boksi lisije, kwangu mimi hao wamepona, hasara yao imeishia hapo. Walioumia ni waliopokea mzigo, wakalipa salio, wakampa na maji ya kunywa, kisha wakaanza kununua chakula cha vifaranga.

Nimewaona hao vifaranga kwa majirani. Wote rangi moja, manjano ya kupauka. Kienyeji walioboreshwa, kama wale wa KALRO Naivasha (shirika la utafiti wa kilimo na mifugo) au aina ya Kuroiler, boksi lao huwa mchanganyiko: weusi, wa kahawia, wa kijivu, wenye mistari mgongoni. Boksi la manjano tupu ni habari nyingine. Kwa wengi wa wale kuku wekundu wa mayai, kifaranga wa kike huanguliwa na rangi ya kahawia na wa kiume huanguliwa wa manjano, basi hutenganishwa kwa macho siku ileile. Wa kike huenda kwa wafugaji wa mayai. Wa kiume hatagi, na nyama haiweki haraka, kwa hiyo huangamizwa au huuzwa kwa bei ya kutupa. Ndio hao tunaoletewa tukiapiwa ni matetea. Mama mmoja wa Barani amewalea kwa makaa na taa, amewanunulia chakula gunia baada ya gunia, akingoja mayai. Sasa anaamshwa na majogoo kumi na kitu kabla ya adhana.

Hilo neno "matetea matupu" peke yake lingetosha kumfukuza. Kifaranga wa kienyeji wa siku moja hajulikani jike wala dume kwa kumtazama. Wanaoweza ni mafundi waliofunzwa kumkagua sehemu ya nyuma. Kwa boksi la halali, tegemea karibu nusu ni majogoo. Na akikuambia "wameshapata chanjo zote", muulize zipi. Siku ya kwanza huchomwa ya ugonjwa wa Marek, sindano chini ya ngozi ya shingo, palepale walipoanguliwa. Gumboro, ndui na marudio ya kideri ni za wiki zinazofuata. Kifaranga wa siku moja aliyemaliza chanjo zote hajazaliwa bado.

Baadhi ya waliofikishwa walikuwa na kinyesi cheupe kimeganda nyuma, wamenyong'onyea, kitovu hakijafunga. Kuharisha kweupe kwa namna hiyo kunaweza kuwa ugonjwa unaotoka kwa kuku mama kupitia yai. Ukiwa nao wa aina hiyo, usiwachanganye na kuku wako wa zamani hata kwa usiku mmoja, na muite daktari wa mifugo kabla hujaanza kuwapa dawa za kubahatisha.

Sasa mbegu, na hapa ndipo ninapokasirika zaidi.

Pakiti zake ni nailoni iliyofungwa kwa moto wa mshumaa, na karatasi ya kawaida iliyochapwa "F1", yaani mbegu chotara, kubwa kama bango. Hazina namba ya fungu, hazina tarehe ya kupimwa wala ya kwisha, stika ya KEPHIS, wakaguzi wa mbegu wa serikali, ndiyo kabisa. Mbegu zimepakwa rangi ya waridi zionekane zimetiwa dawa. Rangi si ushahidi, ya chakula inauzwa kila duka. Mbegu ya kabichi na ya sukuma ni vipunje vya mviringo, vyeusi, huwezi kuvitofautisha kwa jicho. Waliopanda kabichi yake wanachuma sukuma. Nyanya zake zimeota, lakini kila mche una tabia yake, dalili ya mbegu iliyokamuliwa kwenye nyanya za soko. Vitunguu havikuota kabisa. Mbegu ya kitunguu huchoka upesi kuliko mboga nyingi, na joto na unyevu wa pwani yetu huimaliza mapema zaidi. (Hata maduka halali yaangalieni. Kuna wanaoning'iniza pakiti mlangoni, jua la mchana linazipiga. Omba ya ndani.)

Angalieni pia majira anayokuja. Ni Machi, watu wanatayarisha vitalu kuwahi masika. Sukuma huchomoza siku tatu hadi tano, nyanya siku tano hadi kumi, hoho inaweza kukuweka wiki mbili. Ukija kujua kitalu kimekufa, simu yake imeshazimwa, nawe unaanza upya wakati mvua inanyesha. Mche wa nyanya unataka mwezi mzima au zaidi kitaluni kabla ya kuhamishwa. Pesa ya pakiti ni ndogo. Kinachoibwa hapo ni msimu. Vifaranga vilevile, hila yake huonekana akiwa mbali.

Kwa hiyo akibisha hodi, usibishane naye juu ya bei. Mwambie akuachie punje ishirini za kila mbegu uzifunge kwenye kitambaa chenye maji, na alipwe zikichipua. Mwenye agroveti hakimbii jaribio hilo, kwa sababu wiki ijayo bado yupo dukani kwake. Huyu atakumbuka ana mteja Watamu. Pakiti yenye stika ya KEPHIS, kwangua na utume namba kwa 1393, utajibiwa. Vifaranga, lipa ukiwa umefungua boksi mchana, umewatazama macho, miguu na kitovu, na una risiti yenye jina la mahali walipoanguliwa. Arubuni kwa nambari ya mtu binafsi, hapana. Ananung'unika kwamba watu wa Malindi hawaaminiani. Mwacheni anung'unike.

Kama umemtumia sasa hivi, peleka ujumbe wa M-Pesa kwa 456 uombe pesa zirudishwe, lakini fanya haraka, zikishatolewa kwa wakala ni shida. Ujumbe wake wa kitapeli upelekwe 333.

Mlioumia, msifute ujumbe wowote, na msitupe pakiti tupu wala boksi. Mkija mmojammoja, shilingi elfu mbili na kidogo itaonekana jambo dogo. Tukienda pamoja na nambari zote alizotumia, ni kesi. Tukutane Jumatatu saa tatu asubuhi nje ya kituo cha polisi Malindi, kila mmoja aandikishe na kuchukua namba yake ya OB, lile daftari la matukio la polisi. Na atakayemwona mtaani kabla ya hapo asimguse wala asimpigie kelele za mwizi. Apige picha namba ya pikipiki, alete.