Nimesoma VFX kwa jasho la mama yangu, chuo kikaninyima faili zangu

Nilisoma stashahada ya VFX, yaani kubadilisha picha za filamu kwa kompyuta, kwenye chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Jina silitaji, ila waliopita pale watakijua. Mambo ya ada na orodha ya masomo yako kwenye vipeperushi vyao, kayasome huko. Mimi nataka kuongelea faili zangu.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa shoti ya sekunde 5. Dada amesimama Feri, kanga begani, upepo unaipiga. Nyuma yake palikuwa na magari na meza ya mihogo. Nikaviondoa vyote, nikaweka bahari iliyochafuka na jahazi nililolijenga mwenyewe kwenye Blender, programu ya kuunda vitu vya 3D. Kwa fremu, yaani picha, 24 kila sekunde, hizo ni fremu 120 za kulifuata pindo la kanga linalopepea. Kazi hiyo ya kukata umbo fremu kwa fremu tunaiita roto. Ukingo ukikosewa kwenye fremu moja tu, mtazamaji anaona kitu kimeruka hata kama hajui ni nini.

Usaili wangu wa kwanza ulikuwa studio ya matangazo, Mikocheni. Msimamizi akaitazama shoti, akairudia, akauliza: "Hatua zake ziko wapi? Nionyeshe picha ghafi, roto, jahazi peke yake, mpaka ilipokamilika." Swali la haki kabisa. Shoti moja ya VFX huweza kupita mikono ya watu wengi, na asiyeona tabaka zake hawezi kujua mkono wako uligusa wapi. Nikamwahidi nitaleta. Tatizo, faili zote zilibaki kwenye kompyuta za chuo, maana maabara hatukuruhusiwa kuchomeka flashi wala diski. Virusi, walisema.

Nikaenda chuoni asubuhi. Nikamwamkia mama wa ofisini, "Shikamoo mama." Hakuitikia. Nikaeleza shida yangu, macho yake yako kwenye simu.

"Faili ni mali ya chuo."

"Mama, naomba za kwangu tu. Nina usaili, wananisubiri."

"Binti, ulilipia kufundishwa, hukulipia faili. Mbona wenzako hawasumbui?"

Foleni nzima ikageuka kunitazama. Akamwita anayefuata.

Ada nilimaliza, na risiti ninazo. Mama yangu anauza vitenge Tandika. Siku alipopokea mchezo wake, pesa yote iliishia kwa mhasibu wa chuo hicho. Halafu naambiwa nasumbua! Nililia kwenye daladala mpaka konda akaacha kunidai nauli.

Hapa nilitaka kuandika msikanyage kabisa pale. Lakini nitakuwa nimemdhulumu mkufunzi wetu wa roto. Yule kaka alijua kazi na alikuwa na subira. Alitukataza kuuzungushia mwili wote wa mtu umbo moja: kichwa kiwe peke yake, kiwiliwili peke yake, mkono ukatwe kwenye kiwiko. Alitufundisha kuweka alama kwanza pale mwendo unapogeuka, kisha katikati yake, badala ya kusukuma nukta kila fremu mpaka ukingo unatetemeka. Na mkono ukienda kasi, ukungu wake uuache uwe ukungu. Alikaa na sisi mpaka mlinzi anakuja kufunga. Kwa ajili yake peke yake ningesema chuo kinafaa.

Wengine je? Mmoja alitwambia Blender ni ya kuchezea tu. Mwaka 2025 Flow, filamu ya Latvia iliyotengenezwa kwa Blender hiyohiyo, ikachukua Oscar ya katuni ndefu bora. Halafu walikuwa wanatuhubiria kazi za Marekani kana kwamba tiketi ziko mezani. Hakuna aliyetwambia kwamba Februari 2013 kampuni ya VFX ya hukohuko Marekani, Rhythm & Hues iliomba ulinzi wa mufilisi, na mwezi huohuo Life of Pi waliyoifanyia kazi ikashinda Oscar ya VFX. Mwanafunzi ana haki ya kujua hayo kabla ya kulipa.

Picha ghafi binamu yangu bado alikuwa nazo kwenye kadi ya kamera. Nikajenga shoti upya kwenye kompyuta yake, kwa Blender na toleo la bure lisilo la biashara la Nuke, programu ya kuunganisha tabaka za picha, usiku, umeme ukikatika naanza kusali. Nikapeleka. Wakanipa jaribio la roto palepale, mkono wa mtu anayerusha mpira, na kila alichotufundisha yule kaka kikanitoka vidoleni. Nikapata kazi. Roto tu, ngazi ya chini kabisa, lakini ni kazi na nalipwa. Nikasema basi, yaishe, chuo nakipa alama ya wastani.

Juzijuzi nikaona tangazo lao la udahili. Kanga ileile, Feri ileile, jahazi langu. Na wameionyesha hatua kwa hatua: picha ghafi, roto, jahazi peke yake, mpaka mwisho. Kilekile nilichoomba nikafukuzwa. Jina langu halipo popote.

Ile alama ya wastani naifuta. Sifa za mkufunzi wa roto zinabaki, za chuo hazipo. Anayetaka kujiunga adai kwa maandishi, kabla ya kulipa hata shilingi, kwamba faili za kazi zake ataondoka nazo. Wakikataa, apeleke pesa yake kwingine. Na zangu bado nazitaka, pamoja na jina langu kwenye tangazo hilo.