Ruta ya pili kwenye nyumba ya mawe: uzoefu wangu Mji wa Kale, Mombasa

Kama nyumba yako ni ya bloku za simiti kule Bamburi au Utange, huenda ruta moja, yaani kile kifaa kinachosambaza waifai, ikakutosha. Sisi twakaa Kibokoni, kwenye nyumba ya zamani ya matumbawe na chokaa, na unene wa kuta zake unakaribia dhiraa. Faiba, yaani waya unaoleta intaneti, inaingilia ukumbini chini, karibu na mlango. Hapo mambo ni safi. Panda juu chumbani kwa mamangu, simu inashika kijimstari kimoja, na kila akiongea na dadangu aliyeko Maskati, sura ya dadangu inaganda mdomo wazi. Nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka uliofuata. Intaneti imevuka bahari yote hiyo, halafu inashindwa na ngazi za nyumba yetu!

Nilichonunua ni ruta ya kawaida ya bendi mbili (masafa mawili ya waifai, gigahatsi 2.4 na 5), antena nne, matundu ya kebo yenye kasi ya gigabiti, bei chini kidogo ya shilingi 5,000. Muuzaji alikuwa akinisukumia ile ya antena nane, bei karibu mara tatu. Sikuitaka. Nguvu ya mawimbi ina kikomo kilichowekwa kisheria, na wingi wa antena hautoboi matumbawe. Bendi ya gigahatsi 2.4 hupenya ukuta kuliko ile ya 5, lakini kasi yake ni ndogo, na mtaani kwetu majirani wote wamejazana humo. Kiongeza mawimbi nacho nilikijaribu, cha kuazima kwa mpwa wangu. Mistari ikajaa simuni, kasi ikaanguka karibu nusu, kwa sababu redio ileile ndiyo inayopokea na ndiyo inayorusha.

Ikabaki kebo ya kuunganisha ruta mpya ya juu na ile ya chini, na hapa ndipo ningependa anayeanza asiwe na haraka. Katika duka moja Barabara ya Digo kulikuwa na mizingo miwili ya Cat 6, daraja mojawapo la kebo za mtandao, mmoja rahisi kupindukia.

"Ami, zote ni Cat 6, tofauti ni bei tu," kijana wa dukani akaniambia.

"Kwangua basi tuone."

Akachuna ganda, akapitisha wembe juu ya kiwaya kimoja. Wekundu ukatoka, chini yake kukawa kweupe: alumini iliyopakwa shaba. Ule wa ghali ulikuwa mwekundu hadi kiini. Waya wa alumini ukikunjwa kwenye kona hukatika upesi, na kasi huanza kuyumba bila kujua tatizo liko wapi. Nikachukua wa shaba. Kikomo cha kebo hizi ni mita 100, nyumba ya kawaida haifiki hata robo ya hapo.

Ukuta sikuutoboa, maana matumbawe ukiyaanza yanamung'unyuka. Waya umepanda ngazini kando ya bomba la maji, ukapita chini ya boriti. Mamangu alikuwa na sharti moja: "Mwanangu, huo waya usinipitie juu ya kitanda." Kubana vichwa vya plastiki kwenye ncha za kebo si kazi ya ajabu ukiwa na koleo lake. Rangi zinafuatana hivi pande zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ukigeuza mbili tu, taa ya tundu haiwaki, au inawaka lakini kasi ya intaneti ni ya kobe.

Kabla ya kuiunganisha na ya chini, niliichomeka ruta mpya kwenye laptopu peke yake na kufungua kwenye kivinjari anwani iliyoandikwa chini ya tumbo lake. Yangu ni 192.168.0.1. Nikabadilisha nenosiri la msimamizi, nikazima WPS (njia ya kuunganisha vifaa kwa kitufe au PIN bila nenosiri), nikachagua ulinzi wa waifai wa WPA2, kisha nikaigeuza kuwa akses pointi, yaani irushe waifai tu na kazi nyingine iiachie ruta ya chini. Hatua hiyo ya mwisho usiiruke. Bila hiyo, ruta zote mbili zinagawia vifaa anwani za mtandao, nyumba inakuwa na mitandao miwili, na simu ya juu haiioni printa ya chini. Jina la waifai na nenosiri nimeyafanya yaleyale juu na chini. Chaneli, yaani njia ndani ya bendi ya 2.4, nimezitenganisha ruta zisiingiliane: chini 1, juu 11. Mtandao wa wageni nimeuacha kwenye ruta ya chini tu, maana wageni wenyewe ni vijana wa barazani.

Matokeo? Juu napata karibu kasi yote ninayolipia, na dadangu sasa anafunga mdomo. Lawama zangu ni ndogo. Simu hung'ang'ania ruta ya chini hadi katikati ya ngazi, kwa hivyo ukipanda huku unaongea, sauti hukatika kidogo. Programu yake ya simu inataka ujisajili ndipo ikufungulie, jambo ambalo sikulipenda, na kivinjari kilinitosha. Taa zake za buluu zilimsumbua mamangu usiku, akazifunika kwa leso mpaka nikaona pa kuzizimia kwenye menyu. Leso si wazo zuri, kifaa kinapata joto.

Naipa nne kati ya tano. Iweke mbali na dirisha linalotazama bahari, chumvi hufanya kutu ya kijani kwenye vichwa vya kebo. Stima ikipotea, ruta ya juu haina kazi kama ya chini imelala, na vilevile kisanduku cha faiba, kwa hivyo ukinunua UPS ndogo (betri ya akiba) nunua yenye matundu ya kutosha vyote, na usome volti na ampea nyuma ya kila kifaa kabla ya kulipa.