TAHADHARI: Anajiita fundi wa handibreki za umeme Dodoma, anaondoka na mota zako nzima

Ndugu zangu wenye magari hapa Dodoma, someni hili kabla hamjampigia mtu simu. Kuna kijana anajitangaza kwenye magrupu ya WhatsApp na kurasa za kuuza magari kwamba anafungua handibreki ya umeme, ile ya kubonyeza swichi, iliyogoma. Tangazo lake ni lilelile kila mara: "Nakufuata ulipo, mashine ninayo, spea ninazo." Anakuja kweli, tena haraka. Akiondoka, anaondoka na mota zako nzima za breki, anakuachia mbovu zilizooshwa, na taa ya dashibodi ameshaifuta kwa mashine ili uamini kwamba kazi imeisha.

Mimi ni fundi umeme wa magari, kijiwe changu kiko Kizota. Magari aliyoyagusa huyu bwana yamekuwa yakiletwa kwangu, na yote yana alama zilezile. Jina lake na namba yake sitaviweka hapa, kwa sababu mmoja wa walioibiwa ameshafungua jalada polisi na sitaki kumharibia kesi. Isitoshe, majina anabadilisha na laini anabadilisha. Kitu asichobadilisha ni mbinu, kwa hiyo ijueni mbinu.

Nianze na huyo aliyefungua jalada, naeleza kwa ruhusa yake. Ni mwalimu, anakaa Nkuhungu, ana Passat. Asubuhi moja gari limewaka vizuri, akabonyeza swichi ya handibreki kuachia, tairi la nyuma kulia likawa huru, la kushoto likabaki limekamatwa. Kwenye dashibodi ikawaka taa ya njano na ile nyekundu ya breki ikawa inapepesa. Akapewa namba na mtu wa kwenye grupu. Kijana akafika, akachomeka mashine ya kusomea hitilafu chini ya usukani, akamwonyesha maandishi mekundu kwenye kioo, akamwambia: "Mama, mota zote mbili zimekufa. Ukiendesha hivi gari linaungua."

Hapo ndipo palikuwa na uongo wa kwanza, na naomba muuelewe vizuri. Tairi la kulia lilikuwa limeshaachia lenyewe. Mota iliyokufa haiwezi kuachia breki. Sasa ya kulia ilikufaje? Na hayo maandishi mekundu hayakusema mota imekufa. Mashine inataja saketi yenye hitilafu, yaani njia nzima ya umeme kutoka kwenye kontroli boksi (kompyuta ya handibreki) hadi kwenye tairi: fyuzi, waya, plagi na mota yenyewe. Ni kazi ya fundi kupima na kujua tatizo liko sehemu gani ya hiyo njia. Huyu hakupima chochote. Hakutoa hata testa, kile kipimo cha volti, kwenye begi.

Akamtajia laki tatu na nusu kwa mota zote mbili, laki mbili zitangulie kwa simu kwa sababu eti spea inatoka Kariakoo kwa basi la usiku. Mwalimu akatuma. Kesho yake kijana akarudi na boksi, akafungua mota za zamani, akafunga "mpya", gari likatembea. Za zamani akazitia kwenye begi, akasema ni sharti la duka, lazima zirudishwe. Kisha akamwambia maneno ambayo amewaambia wote: "Usiguse swichi ya handibreki mpaka kesho, mfumo ujizoeze kwanza." Hakuna mfumo unaojizoeza. Huo ulikuwa muda wa yeye kuondoka na kuzima simu.

Gari lilipoletwa kwangu nilivua tairi la kushoto nikaiangalia hiyo mota "mpya". Ilikuwa na stika nyeupe iliyonyooka kabisa. Nikaikwangua kwa ukucha, ikainuka, na chini yake kuna stika ya zamani iliyofutika nusu, namba hazisomeki. Ganda la plastiki lilikuwa limesuguliwa kwa brashi na sabuni, lakini ndani ya tundu la plagi, ambako brashi haifiki, lilikuwa na udongo mwekundu uliogandamana. Boliti mbili zinazoishikilia zilikuwa na meno ya plaizi vichwani. Nikaipa umeme wa betri moja kwa moja ikiwa mkononi: kimya. Ya kulia nayo kimya. Na kile kilichokuwa kimeleta shida tangu mwanzo bado kilikuwepo palepale: plagi ya waya wa tairi la kushoto imejaa kutu ya kijani, pini moja imeliwa hadi imekatika. Kazi ya kubadilisha plagi. Mota za mwalimu zilizochukuliwa zilikuwa hazina kosa.

Sasa mtauliza gari lilitembeaje kama mota alizofunga ni mbovu. Hii ndiyo sehemu inayowapoteza watu wengi. Kwenye magari kama Passat na Tiguan, mota imefungwa nyuma ya kalipa ya breki, yaani kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski ya tairi. Inazungusha gia, gia zinazungusha skrubu, skrubu inasukuma pistoni, pistoni inabana pedi kwenye diski. Skrubu ikishakaza, breki inabaki imekaza hata umeme ukikatika wote. Ndiyo maana betri ikifa gari linabaki limekamatwa. Lakini ukifungua zile boliti mbili ukaitoa mota, unakutana na kichwa cha skrubu chenye umbo la nyota, na ukikizungusha kwa biti upande wa kulegeza, tairi linaachia. Ni njia halali, mafundi tunaitumia kulikomboa gari lililokwama. Huyu anaitumia kukuonyesha kwamba "spea" yake inafanya kazi. Anazungusha kwa mkono, anabandika mota mfu juu, anafuta kodi za hitilafu kwa mashine. Unafurahi gari linasogea. Siku utakayobonyeza swichi, taa zinarudi, na handibreki huna.

Na hilo la kukosa handibreki ndilo linaloniumiza kuliko hela. Mzee mmoja wa Area D, upande wa chini ya Mlimwa, gari lake ni la gia za mkono. Aliegesha kwenye mteremko wa kuingilia kwake, akabonyeza swichi kama alivyozoea, akashuka. Gari likateremka lenyewe hadi kwenye geti. Wajukuu zake huwa wanacheza palepale. Tunashukuru saa hiyo walikuwa shuleni. Jamani, mtu anayekuondolea breki na kukuambia umepona hakuibii hela tu.

Kuna mmoja alinusurika, na alinusurika kwa kulijua gari lake. Ana Subaru Outback ya 2010. Kijana akamwambia mota za kalipa zote mbili zimekufa. Outback ya umbo lile haina mota kwenye kalipa. Ina boksi moja la mota chini ya gari linalovuta nyaya kwenda matairi ya nyuma, na nyaya zinapanua viatu vya breki vilivyo ndani ya diski. Yule kaka akamwambia amwonyeshe hizo mota zilipo. Kijana akasema anaenda kuchukua spana kwenye bodaboda, hakurudi. Kwa hiyo soma kitabu cha gari lako, ujue handibreki yako ni ya aina gani. Baadhi ya hizi za nyaya zina hata kifaa cha kufungulia kwa mkono, na kitabu kinaeleza kinaingia wapi.

Kabla hujamwita mtu yeyote, mimi nikiwemo, kuna mambo unaweza kuyaangalia mwenyewe uani kwako. Weka gari kwenye P, au kwenye gia kama ni la mkono, na uweke kabari au mawe makubwa mbele na nyuma ya matairi ya mbele, kwa sababu handibreki ikiachia ghafla gari linaweza kutembea. Kisha anza na betri. Joto letu la hapa linaua betri mapema, na handibreki ya umeme ni kati ya vitu vya kwanza kulalamika volti zikishuka. Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa kwa muda, inasoma karibu 12.6. Ikiwa chini ya 12, usizungumzie mota kwanza. Ichaji, au boosti kutoka gari jingine, washa injini ichaji, kisha jaribu kuachia upya. Nimeona breki "zilizojam" zikifunguka hapo hapo.

Ukiachia, kanyaga breki ya mguu sawasawa. Magari mengi hayakubali kuachia kwa swichi bila mguu kwenye pedeli. Mwambie mtu asimame nyuma aangalie taa za breki. Isipowaka hata moja, huenda swichi ndogo iliyo juu ya pedeli imekufa, na kontroli boksi haijui kama umekanyaga. Hiyo swichi ni spea ya bei ndogo na haina uhusiano na mota. Angalia na fyuzi za handibreki, kwa kawaida ni zaidi ya moja, kitabu kinazitaja.

Halafu sikiliza. Mtu abonyeze swichi, wewe chuchumaa kando ya tairi la nyuma. Mota nzima inalia kwa muda mfupi, mlio wa gia. Upande mmoja ukilia na mwingine ukakaa kimya, umeshajua shida iko upande gani. Mwenye testa achomoe plagi ya upande ulio kimya, swichi ya kuwashia gari ikiwa imezimwa, aikague kama ina kutu, kisha apime pale kwenye waya mtu anapobonyeza. Umeme hukaa pale kwa kitambo kifupi tu, kwa hiyo macho yawe kwenye testa. Volti zikifika na mota haizunguki, hapo mota ndiyo mtuhumiwa. Volti zisipofika, hata ukifunga mota iliyotoka kiwandani leo haitafanya lolote, tafuta kwenye waya, plagi au fyuzi. Waya za nyuma hupata shida sana kwa magari yanayopita barabara za vumbi na makorongo, zinajikunja kila tairi linaporuka, zinasuguliwa na mawe.

Usijilaze chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Weka stendi. Usilivute gari kwa nguvu breki ikiwa imekamata, utaunguza pedi na diski. Usipige kalipa nyundo. Na kama kazi ni kubadilisha pedi za nyuma, mfumo lazima uwekwe kwenye hali ya matengenezo kwanza, ili mota irudishe skrubu nyuma. Anayeibana pistoni kwa klampu skrubu ikiwa bado mbele anakuvunjia kalipa. Huyo ukimwona kaishika klampu bila kugusa mashine, mzuie.

Ukimwita fundi, apime mbele yako na akuonyeshe namba kwenye testa. Akisema mota imekufa, mwambie aitoe aiunganishe na betri kidogo uione mwenyewe haizunguki, na spea anayoleta aiunganishe vilevile kabla haijafungwa. Zote ni volti 12, jaribio ni la dakika moja na fundi wa kweli hakasiriki. Chora alama ya rangi ya kucha au maka kwenye vifaa vyako kabla havijaguswa. Spea ya zamani ni mali yako. Kama kweli duka linaitaka, duka liandike kwenye risiti, na risiti iwe ya EFD, ile ambayo unaweza kuihakiki TRA. Usitume hela ya spea kwa simu kwa mtu ambaye hujui duka lake wala kijiwe chake. Nenda naye dukani ulipe mwenyewe.

Nimeulizwa kama spea za mtumba zote ni mbovu. Hapana. Kuna wauzaji waaminifu hapa mjini wanaokujaribia mota kaunta na kukupa muda wa kuirudisha. Ubaya hauko kwenye mtumba, uko kwenye stika iliyobandikwa kuficha.

Kama umeshalipa na unaona dalili hizi, fanya haraka. Piga simu kwa mtandao uliotumia kutuma hela uombe kuzuia muamala, maana hela ikishatolewa ni vigumu kuirudisha. Namba iliyokutapeli itume kwenda 15040, ile namba ya kuripoti matapeli wa simu. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu nawe uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako polisi, ukiwa na meseji zote, jina lililotokea kwenye muamala na picha za vifaa. Usifute mazungumzo ya WhatsApp hata kama yanakuudhi kuyaona.

Ambao gari limeshapita kwake lakini hamjui kama mmeibiwa: msiliegeshe kwenye mteremko, wekeni mawe kwenye matairi, na mlilete Kizota nilikague bila malipo. Njooni na mota alizowaachia, msizitupe wala msizioshe. Mpelelezi anazihitaji zikiwa na stika zake.