Nodame Cantabile: ya televisheni 2006 au ya jukwaani 2023?

Juri Ueno alimwigiza Nodame, mwanafunzi mpiga piano, kwenye tamthilia ya televisheni ya 2006. Mwaka 2023 akamrudia tena, safari hii jukwaani, katika mchezo wa kuimba. Chimbuko ni moja: manga (hadithi ya katuni ya Kijapani) ya Tomoko Ninomiya, iliyoanza 2001 katika jarida la wanawake la Kiss.

Mimi ni wa televisheni. Kamera inakuingiza chumbani kwa Nodame, takataka kila kona, na katikati yake sonata ya Beethoven inatiririka huku Chiaki, mwanafunzi mwenzake wa muziki, ameduwaa. Uchafu ule na uzuri ule ni vya kuonwa kwa karibu. Jukwaani wahusika huimba yaliyo moyoni, na raha ipo kweli. Lakini Nodame ninayempenda huiachia piano imsemee.