Uzoefu wangu na H9: mtutu umeshuka, ila triga yake haijanituliza

Mwenzangu wa zamu ya usiku anauza bastola yake, H9 ya kampuni ya Daniel Defense, na kabla hajaitangaza aliniambia mimi kwanza. Nikamwomba niijaribu. Jumamosi nne mfululizo tumekwenda wote renji, uwanja wa kulengea shabaha, nje kidogo ya Houston, na mpaka naandika haya nimeshapiga nayo risasi kama 400. Naandika hasa kwa ndugu zangu wanaofanya ulinzi wa silaha huku Texas, ambao mwajiri anawataka wajinunulie bastola kwa fedha yao. Dola 1,299, bei iliyoingia nayo sokoni mwaka 2024, ni fedha ya kufikiria mara mbili.

H9 haikubuniwa na Daniel Defense. Ilizaliwa hapahapa Texas, mji wa Temple, kwenye kampuni changa ya Cy na Lauren Hudson, mtu na mkewe, ambao waliionesha Las Vegas Januari 2017. Ile ya kwanza ilikuwa ya chuma, karibu kilo moja bila risasi. Mwaka 2019 kampuni ikafilisika. Daniel Defense wakauchukua ubunifu ule, wakaiwekea fremu ya aluminiamu na kuitoa upya. Kwa hiyo ukiletewa H9 ya mtumba kwa bei ya kuvutia, soma kwanza ubavuni imeandikwa jina gani. Ya Hudson singeinunua, na sababu yangu ni vipuri tu.

Sasa nieleze kilichonivuta. Itazame kwa ubavu: mbele ya triga, pale ambapo bastola nyingine zina nafasi tupu chini ya mtutu, H9 ina tumbo. Bastola nyingi za leo zinafuata njia ya John Browning, springi ya kurudishia slaidi (ile sehemu ya juu inayorudi nyuma kila unapofyatua) inalala chini ya mtutu, na mtutu unalazimika kupanda juu ya mkono kuipisha. Hudson waliishusha springi pamoja na sehemu ya mtambo, wakaviweka mbele ya triga. Nafasi iliyobaki wakaupa mtutu. Umeshuka hadi karibu kabisa na kiganja.

Faida yake huwezi kuihisi kwa kusoma. Mtu ukimsukuma kifuani anarudi nyuma hatua moja, ukimsukuma kichwani anapinduka. Bastola ya kawaida inausukuma mkono kwa juu, ndiyo maana mdomo wake unaruka kila unapofyatua. H9 inasukuma moja kwa moja kuelekea mkononi. Nilipiga risasi tano za haraka kwa umbali wa yadi 10, na macho yangu hayakuikosa alama ya mbele ya kulengea hata mara moja. Kwa Beretta 92 yangu, ambayo nimeizoea miaka sita, kila risasi inanibidi niitafute tena alama. Sijawahi kushika bastola ya milimita 9 iliyotulia namna hii, na nimeshika nyingi. Tumbo lile lina gharama yake, kwa kuwa haliingii kwenye ala za kawaida, ile mifuko ya kubebea bastola, na itakubidi utafute ala iliyokatwa kwa ajili ya H9 peke yake.

Triga ndiyo iliyonifanya nisilale vizuri tangu Jumamosi ya kwanza.

Hudson waliiga triga ya 1911, ile bastola ya Browning ambayo jeshi la Marekani liliichukua mwaka huo wa 1911. Inarudi nyuma kwa mstari ulionyooka, mwendo wake ni mfupi, na inakatika safi kama kijiti kikavu. Tuliipima kwa mizani ya pale renji ikatoa pauni 4 na nusu, kama kilo mbili. Kwa shabaha ni raha tupu. Lakini 1911 yenyewe haikuachiwa triga nyepesi hivyo bila walinzi: ina sefti, yaani kizuizi cha kuifanya isifyatuke, ya kidole gumba ubavuni, na nyingine nyuma ya kitako ambayo lazima kiganja kiibane. H9 niliyoitumia haina hata moja kati ya hizo. Ina kiulimi kidogo katikati ya triga, ambacho kidole lazima kikibonyeze ndipo triga ikubali kurudi.

Wengi wetu tunakiamini kiulimi hicho kwa kazi ambayo hakiwezi kuifanya. Kazi yake kubwa ni bastola inapoanguka. Triga nayo ni kipande chenye uzito. Bastola ikidondoka na kutua kwa nyuma, mwili wake unasimama ghafla lakini triga inataka kuendelea na safari, yaani kurudi nyuma kana kwamba kuna kidole. Kiulimi ni chepesi na kina springi yake, kwa hiyo hakifuati, na triga inabaki imefungwa. Hili si la kubahatisha. Agosti 2017 kampuni ya SIG Sauer walianza kuwabadilishia wenye bastola yao ya P320 triga, ambayo haikuwa na kiulimi, kwa nyepesi zaidi, baada ya kuonekana kwamba ikianguka kwa pembe fulani inaweza kufyatuka. Kwa hatari hiyo kiulimi kinastahili heshima.

Ila bastola ya mlinzi haianguki kila siku. Kinachotokea kila siku ni kuirudisha kwenye ala. Miaka mitatu iliyopita, kwenye ghala nililokuwa nikilinda wakati ule, mwenzetu alirudisha bastola yake gizani, amevaa koti la baridi. Kamba ya koti iliingia katikati ya triga. Ilikuwa bastola ya aina nyingine, yenye kiulimi kama hiki. Kamba ilikibonyeza sawasawa na kidole, na risasi ikapita paja lake. Alipona, lakini mguu ule haujarudi kama ulivyokuwa. Nilimfunga jeraha kwa mkanda wangu, na naomba Mungu nisirudie kazi hiyo kwa mtu yeyote. Kiulimi hakijui kama kilichokibonyeza ni kidole, kamba au pindo la shati.

Silaha nilijifunza JKT Ruvu, kwenye SMG, bunduki ya jamii ya AK. Sefti yake ni wenzo mkubwa upande wa kulia. Ukiushusha unauona na kuusikia. Hapo mkono unakuwa umeamua jambo kabla kidole hakijafika kwenye triga. Beretta yangu nayo ina sefti kwenye slaidi, risasi yake ya kwanza inadai mvuto mrefu wa zaidi ya pauni 10, na ninapoirudisha kwenye ala kidole gumba changu kinakaa juu ya nyundo, kile kipande cha nyuma kinachoigonga pini ya kufyatulia. Kitu kikivuta triga nitaihisi nyundo ikiinuka, nitasimama. H9 haina nyundo ya nje ya kugusa. Pini yake imejificha ndani, na mwendo wa triga ni mfupi mno kukupa onyo lolote.

Mwenzangu ananijibu kwamba ala ngumu na mkono usio na haraka vinatosha. Kwa mtu aliyelala usingizi wa saa nane, mchana, nakubaliana naye. Saa kumi usiku, baada ya kufukuza mtu kwenye uzio, mikono ikitetemeka, sikubaliani.

Nimemwambia nitaichukua kwa dola 900, iwe ya renji na ya mashindano yetu ya Jumamosi, ikae kwenye kasha la chuma watoto wasipofika. Anataka 1,000 na ala juu yake. Leo usiku ninaingia zamu na Beretta.