Feni ya maji: kijana wa simu aliniambia tatizo ni umri wangu

Naandika nikiwa na hasira, tena hii ndiyo imeshapoa. Tangi linaingiza maji kiasi gani, ina spidi ngapi, rimoti inatumia betri gani, hayo yote yako kwenye boksi, kayasome huko. Mimi nina habari ya usiku mmoja na simu moja. Simu mbili, kusema kweli.

Mimi ni mtu wa usingizi. Nikiweka kichwa kwenye mto nimeshaondoka. Lakini lilipoanza hili joto, usingizi ukanipa kisogo. Naingia kitandani saa nne, saa saba bado nageuza mto natafuta upande wenye ubaridi, na huo ubaridi wenyewe haumalizi dakika. Lepe linakuja, linaondoka. Mpaka alfajiri nalala mang'amung'amu, namsikia kila mbwa anayebweka, na naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Mume wangu pembeni anakoroma. Huyo hata kitanda kishike moto atasogea kidogo aendelee.

Feni ya kawaida tunayo na sina ugomvi nayo. Ila feni haipozi hewa. Inasukuma ile ile ya chumbani, na mota yake inaongeza kajoto kake juu. Kinachokupoza ni jasho lako mwenyewe linapokauka, feni inaliharakisha tu. Ndiyo maana feni inayozunguka kwenye chumba kisicho na mtu inakula umeme bure. Na hewa ikizidi nyuzi 40, Shirika la Afya Duniani linasema usiitumie, maana hapo inakuongezea joto mwilini. Sisi hatukuwa tumefika huko. Sisi tulikuwa kwenye fukuto, lile la jasho kutoka na kukaa pale pale, kama mgeni asiyeaga.

Basi nikakutana na tangazo la feni ya maji: baridi ya kiyoyozi kwa umeme wa feni. Kuna picha ya mwanamke amejifunika blanketi hadi kidevuni, anatabasamu usingizini. Ni lile blanketi lililonimaliza. Mimi nalala na shuka limetupwa sakafuni, halafu naonyeshwa blanketi! Nikanunua. Hakuna aliyenishika mkono, najua.

Usiku wa kwanza nikajaza maji, nikatia na vile vifuko vyake vya barafu, nikafunga dirisha, nikafunga mlango, hata ule uwazi wa chini ya mlango nikauziba kwa taulo ili ubaridi usitoke. Nani asingefunga? Wamesema kiyoyozi, na mimi ofisi zenye kiyoyozi nimezikalia, ukiacha mlango wazi unafokewa. Nusu saa ya kwanza sikuamini. Upepo unatoka na ubaridi wa kweli, una kaharufu ka karatasi iliyolowa, lakini nikasema harufu tutaizoea. Nikamgusa mume wangu: "Umeona?" Hakuona, alishalala.

Saa nane na kitu nikashtuka. Shuka limenata mgongoni, nywele zimelowa, na mto una ule ubaridi wa nguo iliyoanuliwa kabla haijakauka, ubaridi wa kukera. Hewa ya chumbani ungeweza kuikamua. Nikawasha taa. Kitabu nilichokiacha kando ya kitanda jalada lake limejikunja juu. Shati la mume wangu, nililolipiga pasi jioni nikalitundika kwenye mlango wa kabati, limelegea kama halijawahi kuona pasi tangu lishonwe.

Nikachungulia tangi. Maji yamepungua zaidi ya nusu. Yamekwenda wapi, na sakafu kavu? Nikakaa ukingoni mwa kitanda nikajijibu mwenyewe: yamo humu humu. Tunayavuta puani, tunayalalia.

Kanuni yake wala si ya uongo, na hili nalisema kwa haki. Maji yakigeuka mvuke yanachukua joto, tena jingi: lita moja inaondoka na kilojuli kama 2,400. Ndiyo kazi ya jasho, ndiyo kazi ya mtungi wa udongo. Lakini mvuke unataka pa kwenda. Ukiufungia ndani, hewa inashiba, na ikishashiba haipokei tena maji ya mashine wala jasho lako. Kwa hiyo usiku kucha kidude kilikuwa kinagombea nafasi hewani na ngozi yangu, na kikashinda.

Hayo niliyajua baadaye. Asubuhi ile nilichojua ni kwamba nimelowa, nikapiga simu huduma kwa wateja.

Akapokea kijana, sauti laini. "Shikamoo mama." Marahaba. Nikamweleza yote, mpaka shati. Akanisikiliza, au alikuwa kimya tu, sijui. Kisha akaniuliza, "Samahani mama, una miaka mingapi?" Nikadhani wanajaza fomu. Nikamwambia hamsini na mbili. Akavuta pumzi kidogo, unajua ile pumzi ya mtu aliyepata jibu, akasema:

"Basi mama, labda tatizo si mashine. Wamama wa umri huo huwa mnasikia joto hata kama hakuna joto."

Mnasikia.

Nilikaa na simu sikioni, sikuweza kutoa neno. Mwishowe nikasema "asante", eti asante! Nikakata. Hilo la kusema asante ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko hata pesa.

Kijana, nikueleze. Habari za ukomo wa hedhi na joto lake la ghafla nazijua, tena nazijua kutoka ndani. Linapanda kifuani, linafika shingoni, usoni, dakika chache limeshapita na unabaki na kibaridi. Halikunji jalada la kitabu. Halilegezi shati la mtu mwingine. Na upande wa pili wa kitanda amelala mwanamume, hana hedhi ya kukoma, na shuka la upande wake lilikuwa chapachapa kama la kwangu. Naye ni umri?

Alichotakiwa kuniambia ni maneno mawili: fungua dirisha. Mawili! Nimeyakuta mwenyewe kwenye kijitabu cha maelekezo, kurasa za mwisho, baada ya michoro ya jinsi ya kufunga magurudumu, kwa herufi za kusomewa na sisimizi. Hii mashine haitumiwi kama kiyoyozi. Inakaa karibu na dirisha lililo wazi ivute hewa ya nje, na upande wa pili unaacha mlango au dirisha jingine wazi hewa yenye unyevu itokee huko. Yaani kinyume kabisa cha picha ya tangazo, ambayo dirisha lake, nimerudi kuliangalia, limefungwa na pazia limeshushwa.

Nikajaribu. Na hapa inabidi niwe mkweli ingawa sipendi.

Ule usiku, kama wiki moja baadaye hivi, hewa ya nje ilikuwa kavu, na kaupepo kwa mbali. Nikaisogeza mashine dirishani, mlango nikauacha nusu. Sijui nilisinzia saa ngapi. Nakumbuka alfajiri miguu ilikuwa ya baridi na mkono wangu unapapasa sakafuni kutafuta shuka nijifunike. Nijifunike, mimi! Nililala pale nimejikunyata nikamfikiria mwanamke wa blanketi nikamsamehe. Asubuhi nikamsamehe na kijana, nikaanza kuandika maoni ya nyota nne, nikataja hata kwamba haina kelele. Ina kelele, ila mtu akilala vizuri anasahau.

Bahati nzuri sikutuma. Siku zilizofuata mawingu yakatanda, mvua haishuki, hewa imetulia nzito. Dirisha wazi, mlango wazi, kila kitu kama kijitabu kilivyotaka, na bado saa saba nipo macho nahesabu matone mgongoni.

Ndipo nikafanya kitu ambacho naona kingefaa kuchapwa juu ya boksi, mahali pa yule mwanamke. Nikachukua vipimajoto viwili vya kioo. Kimoja nikakizungushia kitambaa cha pamba kilicholowa kwenye ile ncha yake, nikaviweka vyote mbele ya feni ya kawaida, nikasubiri mpaka vitulie. Kikavu kikasoma 31. Cha kitambaa, 28, maana maji yanayokauka pale yanakipoza, kazi ile ile ya mashine. Tofauti nyuzi tatu. Basi hizo tatu ndizo zote ambazo mashine ya aina hii ingeweza kunipa siku ile, hata kama imetengenezwa na malaika, na inayotengenezwa na binadamu inatoa pungufu. Upepo wake hauwezi kushuka chini ya kile kitambaa. Hakuna barafu ya kifuko itakayobadilisha hesabu, ile inayeyuka kabla hujamaliza kupiga mswaki. Baadaye, siku kavu ikarudi, nikapima tena: 31 kwa 22. Nyuzi tisa. Usiku huo nililala kama gogo.

Kwa hiyo ni nzuri au mbaya? Kwa hewa kavu ni nzuri, nzuri kweli. Kwa fukuto ni beseni lenye waya. Na nani anakosa usingizi zaidi kama si mtu wa kwenye fukuto? Huyo ndiye wanayemuuzia.

Kuna na mambo madogo. Maji yakilala tangini siku mbili yananuka dimbwi, inabidi umwage na kusugua. Na sehemu ya lawama, nikae nayo mwenyewe, ni godoro letu, lile la sponji laini linalobonyea polepole na kushika umbo lako. Sponji hiyo ilitoka kwenye kazi za NASA miaka ya 1960, wakitafuta viti vinavyomeza mshtuko. Kwa mgongo ni safi. Kwa joto ni oveni, unazama na hewa haipiti ubavuni. Mwili unapotaka kulala unashusha joto lake la ndani kidogo kwa kulitoa kwenye mikono na miguu, na mimi nilikuwa nimeizamisha yote. Nimetandika shuka nene la pamba juu, naoga maji ya uvuguvugu saa moja kabla ya kulala, miguu naitoa nje. Inasaidia kuliko nilivyotegemea.

Nilikuwa nimeamua nyota tatu. Nikasema ngoja nipige simu nimwambie yule kijana kuhusu dirisha, awaambie na wengine, wema hauozi. Akapokea yeye mwenyewe, nikaijua sauti, naye akanijua. "Mama wa feni! Shikamoo." Nikamweleza kwa upole kabisa, kama mtu na mwanawe, kwamba kumbe inataka dirisha wazi.

Akasema, "Si nilikwambia mama?"

Hakuniambia. Wallahi hakuniambia. Aliniambia umri. Nikamwambia, mwanangu, wewe uliniambia umri wangu. Akacheka kidogo, akasema simu zinarekodiwa kwa ajili ya kuboresha huduma, na kuna kingine anisaidie? Dakika haijapita ukaingia ujumbe: tafadhali mpe mhudumu wetu alama kuanzia 1 hadi 5. Safari hii sikusema asante.

Mashine, nyota tatu za siku kavu. Simu haina nyota. Hapa sijui nijumlishe vipi, mfumo unataka namba moja, nimebonyeza moja, kisha nikakumbuka ile alfajiri ya miguu baridi nikabadilisha mbili, na mbili inaniudhi.

Mume wangu anasema niirudishe. Muda wa kurudisha umepita nikiwa bado nabishana. Sasa hivi nimevitazama vipimajoto: kikavu 30, cha kitambaa 28. Nimeiwasha bila maji, dirisha wazi.